Anko Santuri Anajibu: Ninunue Santuri ya Zamani au Hii Iliyotolewa Upya?

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi kuliko nafasi niliyopewa, na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa njia tofauti, yaani hela. Nimechagua tano. Ambao sijawajibu msininunie, ntawafikia.

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni kijana wa Mwanza, jazi nilianza kuisikiliza kwenye simu, saivi nimenunua gramafoni na nimeshikwa kabisa. Nataka albamu ya Blue Train ya mpiga saksafoni John Coltrane. Onlaini nimekuta ya zamani, muuzaji anasema ni toleo la kwanza, anataka dola 1,400. Alafu kuna mpya kitu na boksi, dola 38. Mshkaji wangu ananambia hiyo mpya ni kopi tu, ukitaka jazi ya kweli lazima orijino. Sasa anko, dola 1,400 si pikipiki hiyo? Nifanyeje?
*Mpenda Saksafoni, Mwanza*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nunua ya dola 38, na kama hiyo 1,400 unayo kweli basi nunua na pikipiki.

Ila mshkaji wako hajakosea yote, kakosea nusu, na hiyo nusu aliyopatia inafaa uijue. Albamu hiyo ilirekodiwa siku moja tu, tarehe 15 Septemba 1957, Hackensack, New Jersey, sebuleni. Nikisema sebuleni namaanisha sebuleni, nyumba ya wazazi wa Rudy Van Gelder, ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa kupima watu macho, kurekodi muziki anafanya muda unaobaki. Coltrane kaja na Lee Morgan kwenye tarumbeta, dogo wa miaka 19, Curtis Fuller kwenye tromboni, Kenny Drew kwenye piano, Paul Chambers besi, Philly Joe Jones kwenye dramu. Kampuni ni Blue Note ya Alfred Lion na Francis Wolff, Wajerumani wawili waliohamia New York, na Lion alikuwa na tabia ambayo wenzake wengi hawakuwa nayo, aliwalipa wanamuziki hadi siku za mazoezi, ndo maana ukisikiliza unaona watu wanajua wanakokwenda, hakuna anayebahatisha.

Sasa yote yale yaliingia kwenye tepu. Hiyo tepu ndo mama. Santuri yoyote unayoiona, iwe ya 1958 au ya juzi, ni mtoto wake, au mjukuu, au mara nyingine mtoto wa jirani anayesingiziwa. Kwahiyo mi nikishika santuri naulizia tepu kwanza, umri baadae.

Toleo la kwanza lilikatwa na Van Gelder mwenyewe, yaani yeye ndo alichonga ile mistari ya sauti kutoka kwenye tepu, tepu ikiwa bado mbichi, na tepu nayo huzeeka kama sisi. Hapo mshkaji wako yuko sahihi. Lakini fundi wa enzi zile alikuwa anakata santuri akifikiria gramafoni za watu wa kawaida, sindano nzito na spika dogo, kwahiyo besi alikuwa anaipunguza kidogo ili sindano isiruke, alafu juu ya hapo weka miaka zaidi ya 65 ya sindano za watu usiowajua, hujui nani aliipiga kwenye sherehe huku bia zinamwagika. Hiyo ya dola 38, kama ni ile ya 2022 ya mfululizo wa marudio wa Blue Note unaoitwa Tone Poet, ilikatwa na fundi Kevin Gray kutoka tepu yenyewe, kuna ya mono na kuna ya stereo, na besi la Chambers lipo lote. Mtoto halali kabisa huyo.

Na hata ukiwa tajiri kesho, usimtumie mtu hela ya toleo la kwanza kabla hajakupigia picha ya ndani. Nakuelekeza. Muziki ukiisha kuna sehemu tupu kabla ya kufika lebo, pale sindano inapozunguka bure. Inamisha santuri chini ya taa, polepole, zungusha, usiiangalie moja kwa moja, acha mwanga ulale. Utaona namba ya albamu, utaona herufi RVG za Van Gelder, na utatafuta kialama kilichojikunja kama herufi P ya mwandiko wa mkono, wakusanyaji wanakiita sikio kwa sababu kweli kinafanana na sikio. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Plastylite walichokuwa wanachapia. Blue Note iliuzwa kwa kampuni ya Liberty katikati ya miaka ya 1960, na baada ya hapo sikio likapotea. Alafu soma anwani kwenye lebo, kwa Blue Train ya mwanzo inatakiwa iwe 47 West 63rd, ukikuta neno Liberty pale hata kwa maandishi madogo ujue hiyo ni ya baadae, inaweza kuwa nzuri tu lakini siyo ya pikipiki.

Kuna walioenda mbali zaidi, albamu ya Blue Note ya mpiga saksafoni Hank Mobley, namba 1568 ya mwaka huohuo 1957, watu wanalipa maelfu ya dola, na wengine wakishalipa hawaipigi wanaogopa kuichuna. Sasa huo ni ugonjwa mwingine, mi siutibu hapa.

SWALI: Habari Anko. Mimi siyo msikilizaji, mimi ni mke wa msikilizaji. Mume wangu ana santuri ya Kind of Blue ya Miles Davis TATU. Kava moja, picha moja, mtu mmoja na tarumbeta lake. Moja ina lebo nyekundu yenye vitu kama macho, nyingine ya Kijapani imefungwa mkanda wa karatasi, na wiki iliyopita kaja na mpya akasema hii ndo iko sahihi. Nikamuuliza hizo mbili zilikuwa na makosa gani, akaanza kunieleza habari za kasi ya mashine nikaona ananizuga. Naomba uniambie ukweli na usimtetee kwa sababu nyie ni wanaume.
*Mama Wawili, Dodoma*

JIBU: Nzuri dada yangu, pole na hongera. Nisamehe kwa hili lakini shemeji hakuzugi.

Iko hivi. Kind of Blue ilirekodiwa kwenye studio ya Columbia mtaa wa 30 New York, jengo lililokuwa kanisa, kwa siku mbili za mwaka 1959, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili. Ile siku ya Machi mashine ya tepu ilikuwa inakwenda taratibu kidogo kuliko inavyotakiwa na hakuna aliyegundua. Tepu ikirekodiwa taratibu alafu ikapigwa kwa kasi ya kawaida, muziki unatoka umeharakishwa na sauti imepanda juu kidogo. Kidogo sana, wewe na mimi tukiwa tunapika hatusikii, ila mtu akichukua piano yake apige pamoja nao anajiona yeye ndo mbovu. Kwahiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza dunia nzima ilizisikia hivyo miaka zaidi ya 30, wanafunzi wa muziki wakawa wanarekebisha vyombo vyao kufuata kosa. Bahati nzuri siku ile kulikuwa na mashine ya pili ya akiba pembeni, yenyewe kasi yake ilikuwa sawa, na mwaka 1992 walipoandaa toleo la marudio wakatumia tepu ile. Tangu hapo matoleo mengi yanatoka yakiwa sahihi.

Unaona mambo yalivyogeuka sasa. Ile nyekundu yenye macho, macho yako sita, hesabu, matatu kila upande, ni lebo ya zamani ya Columbia na kama ni ya 1959 kweli wakusanyaji wanaitafuta, lakini ina kosa. Hiyo mpya haina thamani sokoni ila imesema ukweli. Tena zile za mwanzo kabisa zilikuwa na vituko vingine, jina la mpiga saksafoni Cannonball Adderley limekosewa herufi, na nyimbo mbili za upande wa pili zimepishana majina. Mkusanyaji akiona kosa kama hilo anatabasamu kama kaokota hela.

Ya Kijapani sina la kumtetea. Zinachapwa vizuri, kimya, hazina mikwaruzo, na ule mkanda wa karatasi wanauita obi ukipotea bei inashuka, usije ukautupa ukifagia, nakuomba sana. Lakini mara nyingi Wajapani walitumiwa nakala ya tepu, siyo tepu mama. Kwahiyo mwambie hivi: ya macho sita kwa ajili ya historia, mpya kwa ajili ya masikio, ya Kijapani auze akununulie kitu. Na akileta ya nne nipigie mimi.

SWALI: Anko, hizi herufi wanazoandika wauzaji, NM, VG+, VG, G, zinamaanisha nini? Nifupishie.
*Msomaji, Kahama*

JIBU: Ushawahi kununua mtumba Karume? Basi ni grade zilezile. NM karibu mpya, VG+ imevaliwa kidogo, VG ina mikwaruzo unayoisikia, na G ambayo wanadai ni nzuri siyo nzuri hata kidogo, hiyo ni ya kudekia.

Shida ni kwamba grade anaitoa muuzaji, na mwenye mbuzi hasemi mbuzi wake ni kilema. Mi niliwahi kuuziwa Lee Morgan imeandikwa VG+, picha inang'aa kama kioo, nikasubiri wiki tano, nikalipa ushuru, nikajifungia chumbani nikashusha sindano, aisee ilikuwa kama mtu anakaanga mandazi. Kwa macho santuri safi kabisa. Kumbe kuna uharibifu usioonekana, sindano mbovu za zamani zinakwangua kuta za mistari kwa ndani, juu panabaki kung'aa. Tangu siku hiyo swali langu kwa muuzaji ni moja, umeisikiliza au umeiangalia? Wakijibu "nimeiangalia kwenye mwanga mkali" naachana nao, hata bei iwe ya kutupa.

Na kwa nyie wa Pwani, kava ni santuri nusu. Unyevu wa Dar unaweka kuvu kwenye karatasi ndani ya masika moja tu. Zisimame wima, zisiegemee ukuta wa nje, na usiache santuri kwenye gari hata dakika kumi unaingia kununua vocha. Mi niliacha. Ikarudi imejikunja kama sahani ya supu.

SWALI: Anko, nipo Ujerumani kwa kaka. Kuna duka hapa santuri za jazi mpya kabisa zinauzwa euro 13, Sonny Rollins, Art Blakey, Coltrane wote wapo, imeandikwa gramu 180 kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Kampuni zenyewe sijawahi kuzisikia. Nibebe ngapi? Nina kilo tano kwenye begi.
*Msafiri, Hamburg*

JIBU: Beba kahawa.

Ngoja nikueleze kwa nini ziko bei hiyo maana siyo wizi, na hapo ndo utamu wenyewe. Ulaya haki ya rekodi ilikuwa inadumu miaka 50. Mwaka 2011 wakapitisha iongezwe iwe 70, ila zile ambazo muda wake ulikuwa umeshakwisha hawakuzirudisha, kwahiyo rekodi zilizotoka kabla ya 1963 kule ziko huru, yeyote anaweza kuzichapa bila kumlipa mwenye rekodi. Sasa angalia kalenda, miaka yote mitamu ya jazi ya Marekani imeangukia humo, 1955, 1957, 1959. Watu wakafungua kampuni.

Lakini uhuru wa kuchapa haukupi ufunguo wa ghala. Tepu mama ziko Marekani kwa kampuni zenye haki, haziazimwi kwa mtu wa euro 13. Anafanyaje? Anachukua sidii, mara nyingine ya zamani tu ya dukani, anaikata kwenye plastiki nzito na kukuandikia gramu 180. Gramu 180 ni uzito bana. Unapima santuri au unapima nyama? Uzito hauna uhusiano na kilichoko kwenye mistari. Ukinunua hiyo umenunua sidii isiyoingia kwenye gari, na familia ya mpiga saksafoni haijapata hata senti ya haki ya rekodi.

Geuza kava. Mtu aliyekata kutoka tepu mama huwa anajisifu, ataandika jina la fundi na ataandika tepu imetoka wapi. Ukikuta "imesafishwa upya kidijitali" na hakuna jina la binadamu yeyote, rudisha. Kwa bei karibu na hiyohiyo tafuta kwenye maduka ya mitumba zile za Original Jazz Classics za miaka ya 1980, ndizo zilirudisha albamu za kampuni za Prestige, Riverside na Contemporary, nyingi zilikatwa kutoka tepu mama na hazina majivuno, kava jembamba, lebo ya kawaida, mi ninazo kama ishirini na sijutii hata moja. Ukiwa na hela kidogo zaidi kuna mfululizo wa Blue Note unaitwa Classic Vinyl, fundi ni yuleyule Kevin Gray niliyemtaja juu, rahisi kuliko Tone Poet kwa sababu kava siyo lile zito la kukunjuka.

Ila kabla hujaanza kunyanyasa watu na habari za tepu kama nnavyofanya mimi, kumbuka kilichotokea 2022. Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayotoa marudio ya bei mbaya, ikaja kujulikana kwamba kwa miaka kadhaa santuri zake nyingi zilipitia dijitali kabla ya kukatwa, wakati wateja waliamini ni analogi, yaani tepu tupu bila kompyuta, mwanzo mwisho. Kesi zikafunguliwa. Na hao wateja ndo walewale waliokuwa wanasema sisi tunaisikia dijitali hata usingizini. Mi nilikuwa nayo moja, naipenda hadi leo, nilinyamaza kimya wiki nzima.

SWALI: Shikamoo Anko Santuri. Babu yetu alifariki tukakuta sandukuni santuri ndogo kumi na moja zenye tundu kubwa katikati, Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz. Kuna mtu kaja kutoka mjini anasema ni jazi adimu atatupa shilingi elfu hamsini kwa zote. Shangazi anataka tuuze. Mimi nimesikia kuna marudio yametolewa Ulaya, kwahiyo nikawaza hata tukiuza tutanunua hizo. Unashaurije?
*Mjukuu, Ifakara*

JIBU: Marahaba mjukuu, poleni sana na msiba. Usiuze. Mpe shangazi kiti akae kwanza.

Tuanze na jina. Hiyo jazi na jazi ya huko juu ni majirani wa mbali. Wazee wetu walipojiita Jazz, na Dar es Salaam Jazz walianza mapema, 1932, neno lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa ya dansi, magitaa, saksafoni, watu wamevaa suti. Muziki wenyewe ulikuja kukolea rumba, na mchango mkubwa ulitoka kwenye zile santuri za Kicuba za mfululizo wa GV zilizouzwa Afrika kuanzia miaka ya 1930. Hata Franco kule Kongo mwaka 1956 wakaanzisha OK Jazz na hakuna aliyetegemea wapige kama Coltrane. Kwahiyo huyo jamaa wa mjini akisema jazi adimu, kwenye jazi kadanganya, kwenye adimu kasema kweli.

Sasa sikiliza, kwenye santuri za Marekani nimewaambia watu nunueni marudio. Kwenye hizi za babu nageuka. Kule tepu mama ipo, imehifadhiwa, fundi anaichukua na kukata upya. Huku kwetu hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, zilichapwa Nairobi, na tepu nyingi hazijulikani zilipo. Mtu wa Ulaya anapotaka kutoa marudio, mara nyingi anatafuta santuri kama hiyo ya babu yako, anaipiga, anarekodi, anasafisha mikwaruzo na kompyuta, ndo anakuuzia. Nimezisikiliza hizo za Western Jazz zilizorudishwa na kampuni ya Sterns ya London, 2012, kazi nzuri na maelezo mazuri ndani yake, mwenye uwezo anunue. Lakini tepu ikipotea, santuri ya sandukuni ndo inakaa kwenye kiti cha mama. Elfu hamsini kwa kumi na moja! Huyo atauza moja tu ipate hiyo.

Fanya hivi. Usizipige kwanza, na usizifute na kanga, vumbi la miaka hamsini ni msasa. Nenda kwa mafundi wa betri za magari ununue maji, yale maji safi ya kuongezea betri, siyo asidi jamani, uliza mara mbili. Tia tone la sabuni ya maji ya vyombo, chukua kitambaa laini kipya, zungusha kwa kufuata mistari, usikate mistari, na lebo usiiloweshe. Suuza na yaleyale maji bila sabuni, zisimamishe kwenye chanja ya sahani zikauke zenyewe. Alafu tafuta mwenye gramafoni yenye sindano nzima, siyo zile za kisanduku zenye mkono mzito, mzirekodi kwenye kompyuta mara moja, pande zote mbili, mtunze kopi sehemu mbili.

Santuri ndogo kama hizo watu walikuwa wanaupiga upande A hadi unaisha, upande B unabaki mzima kabisa. Mkisharekodi nitumie za upande B, hizo ndo siku hizi hazipatikani popote.